Senene wa Adelina na Siki ya Arnel

Neno la kwanza la Kiswahili ambalo Arnel Lacsamana alilishika sawasawa halikuwa jambo wala asante. Lilikuwa "kwetu." Alilichukua kwa Adelina, mwenzake wa maabara katika hospitali moja ya Woluwe-Saint-Lambert, jijini Brussels, na tangu alipolijua hakulipa mapumziko.

Arnel alikuwa Mfilipino wa Pampanga, mwembamba kama mtu anayesahau kula, ingawa kula ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Simu yake ilijaa picha za sahani. Brussels nzima aliikumbuka kwa mdomo: mtaa huu ni wa wale kome wa siku ya mvua, kona ile ni ya soseji nyeusi yenye tufaha. Akionja kitu hufumba macho, akatafuna taratibu, akatoa hukumu.

"Kizuri, Ate," humwambia Adelina, kwa maana Ate ni dada mkubwa kwa lugha yao. "Lakini kwetu tunacho. Na kwetu kina ladha zaidi kidogo."

Hicho "kidogo" ndicho kilichokuwa kinamuudhi Adelina.

"Umepata Mhaya mwenzako wa kujisifia kwao," mumewe Barnaba alimcheka. "Tofauti ni kwamba huyu kazaliwa Asia."

Adelina, mzaliwa wa Bukoba, hakuona cha kuchekesha. Jumamosi moja ya Novemba akampeleka Arnel Matonge, mtaa wa Waafrika, kwa Maman Alphonsine, Mkongo wa Likasi mwenye mkahawa wa meza sita karibu na Chaussée de Wavre. Aliagiza sombe, yaani kisamvu, nyama ya mchuzi wa karanga, na ndizi za kukaanga. Hapo, aliamini, mtu atanyamaza.

Arnel alionja sombe. Akafumba macho. "Kwetu tunapika majani ya magimbi hivi hivi, kwa tui la nazi." Akaonja nyama. "Hii kwetu inaitwa kare-kare, tunatia mkia wa ng'ombe." Ndizi hata hakuzionja kwanza. "Kwetu tunazifunga kwenye chapati nyembamba, tunazikaanga na sukari."

Maman Alphonsine alikuwa amesimama nyuma yake na taulo begani. "Bon, maman Adelina," alisema, "huyu muntu, kama kwabo kuko byote, alikuya huku Bruxelles kutafuta nini?"

"Kazi, maman."

"Alors akule, anyamaze."

Adelina alipomtafsiria, Arnel alicheka mpaka akapaliwa. Kisha aliomba sahani ya pili ya sombe, na Maman Alphonsine, aliyejifanya amekasirika, akampimia kubwa kuliko ya kwanza.

Wiki tatu baadaye Pamela, mdogo wake Adelina, aliwasili kutoka Bukoba kuanza masomo. Ndani ya sanduku, katikati ya sweta, mama yao alikuwa ameweka kopo la senene, wale panzi wa msimu wa mvua: wamenyonyolewa mbawa na miguu, wamekaangwa na chumvi, wamekauka vizuri. Adelina alilifungua, akanusa, akatabasamu peke yake.

"Dada, hilo tabasamu la nini?" aliuliza Pamela.

"Jumapili tuna mgeni."

"Utamwua mtoto wa watu!"

"Hafi. Nataka tu nimsikie akisema: hiki hatuna."

Jumapili, baada ya misa, Arnel alipanda ngazi hadi ghorofa yao ya tatu pale Saint-Josse, na kifuko cha machungwa mkononi. Walikula kwanza ndizi za kupika na maharage, naye, kama kawaida yake, akadai zina binamu huko kwao. Adelina alimwacha aseme. Kisha akaleta bakuli lililofunikwa kwa sahani, akaliweka mbele yake, akafunua.

Barnaba, Mnyakyusa aliyeishi na Adelina miaka kumi na moja bila kugusa senene hata mmoja, alisogeza kiti nyuma. Pamela aliandaa glasi ya maji.

Arnel aliinama juu ya bakuli. Alichukua mmoja kwa vidole viwili, akamtazama, akamtia mdomoni. Akachukua wa pili. Wa tatu. Macho hakuyafumba, yalikuwa yamejaa maji.

"Basi, acha," Adelina alishtuka. "Nilikuwa nakutania tu. Usijilazimishe."

"Ate, una siki?"

"Siki?"

"Na kitunguu saumu. Na nyanya."

Kabla hajajibiwa alikuwa ameshaingia jikoni na bakuli lake. Adelina alimfuata mbio. "Arnel! Senene hawatiwi siki! Hao wametoka mbali!" Lakini kikaangio kilikuwa tayari motoni, na harufu kali ilikuwa imeshamfikia Barnaba sebuleni, akakohoa.

Akiwa anakoroga, bila kugeuka, Arnel alieleza. Bibi yake alikuwa akienda kwenye majaruba ya mpunga yakishalimwa, akiokota wadudu wanaochimba matope, jamaa wa nyenje. Aliwachemsha kwa siki na kitunguu saumu, akawakaanga na nyanya. Kamaru. Arnel alikuwa hajawaonja tangu bibi afariki, miaka tisa.

"Lakini kwa nini hukuwahi kuwataja?" Adelina aliuliza. "Wewe uliyenisimulia hadi mchuzi wa damu?"

Arnel aliona haya. "Wenzangu wa Manila walinicheka. Nikajiambia, Wazungu je? Nikaacha kusema."

Adelina naye akakiri kwamba mwaka juzi alikuwa akila senene wa mfukoni pale maabara, na Anaïs wa mapokezi alipouliza anatafuna nini, alijibu ni karanga.

"Karanga zenye macho!" Pamela aliangua kicheko mlangoni.

Walikula wakiwa wamesimama jikoni, wote watatu, kwenye kikaangio hicho hicho. Adelina alitaka sana kusema wameharibika. Alitafuna, akatafuta kosa, hakuliona. Alichosema ni kwamba chumvi imezidi kidogo.

Jioni Pamela alimtumia mama yao video ya tukio zima. Jibu lilikuja kwa sauti, na Adelina akalifungulia ili wote wasikie.

"Mwambieni huyo mgeni," mama alisema kwa ukali, "senene si mboga ya kuchezea. Siki! Nani amewahi kusikia?" Kuku wakasikika kwa mbali. Kisha sauti ikashuka. "Halafu mumuulize, ni vijiko vingapi?"