Kanuni za Siku Nane

Mwanarehema alifika dukani kwa Tinga saa nane na nusu mchana, Jumapili, miguu imemvimba hadi kamba za viatu zimemchora ngozi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini asubuhi ile, akavuka feri amesimama wima, akalala saa tatu tu, akaoga, akaswali, akaja. Mtu mwingine mwenye akili zake angebaki kitandani. Lakini Jumapili mchana ilikuwa yake. Katika wiki nzima, hizo ndizo saa ambazo hakuna mtu wa kumwita sista na kumwonyesha kitu kinachotoa usaha.

Duka ni la fotokopi, mtaa wa Bofu, ng'ambo ya feri, dogo hata watu wanne wakiingia inabidi mmoja akalie katoni za karatasi. Jumapili Tinga hahudumii wateja. Huteremsha mlango wa bati nusu, huwasha feni, huondoa mashine ya laminesheni mezani, na mahali pake huweka sinia la alumini, kikombe cha plastiki na dadu ile ile ya kawaida ya kuchezea ludo.

Mchezo wenyewe walijitungia, na si mgumu kuuelewa. Tinga husimulia, na wale wengine watatu kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Kuna msafara unaoutafuta mji wenye milango saba. Ukitaka kuruka ukuta, sema unaruka, kisha rusha dadu. Dadu ndiyo itakayoamua kama umeruka au umevunja pua. Miaka mitatu wamecheza na mji huo hawajauona hata paa.

Mtu wa Mwanarehema aliitwa Bi Shoka. Lilikuwa jitu la kike lenye mashoka mawili, halijui kusoma, halina huruma, na tangu liumbwe halijamfunga mtu kidonda hata cha kucha. Alilitunga hivyo makusudi. Kefa, soja wa geti moja kule Nyali, mtu wa bara mwenye mdomo wake, alikuwa Mzee Radi, bingwa wa upanga. Kahaso, mwalimu wa chekechea, binti mpole ambaye hata paka humwomba radhi akimkanyaga, alikuwa mwizi.

Desturi moja haikuvunjwa pale mezani. Anayerusha ndiye anayesoma. Ilianza siku Kefa na Kahaso walipokaribia kutiana makucha kwa ajili ya dadu iliyoegemea ukingo wa sinia, haijulikani ni tatu au tano. Tangu hapo dadu hutikiswa ndani ya kikombe, kikombe hufudikizwa kwenye sinia, na mwenye kurusha huinua ukingo kidogo, hutazama peke yake, husema namba. Wengine huamini. Ukimshuku mwenzio, mlango ule pale, hata haujafungwa wote.

"Kabla hatujaanza," alisema Tinga siku hiyo, "nimeandika upya kanuni za vita."

Aligawa makaratasi. Kurasa kumi na moja, na kwa kuwa mwenye duka ndiye mwandishi, jalada lilikuwa limetiwa laminesheni.

"Tinga, hii ni vita ama ni katiba?" Kefa aliuliza.

"Soma."

"Nisome kurasa kumi na moja ndio nimkate mtu upanga? Si atakuwa ameshaenda kwao?"

Kanuni za zamani zilikuwa na mstari mmoja. Ukijeruhiwa, ukilala usiku mmoja, umepona. Sasa kulikuwa na jedwali la sehemu za mwili, jedwali la kina cha jeraha, na siku za kuuguza. Kila asubuhi mwuguzaji arushe dadu. Akipata chini ya nne, kidonda kinazidi. Kikizidi mara mbili, siku ya nane anarusha mara ya mwisho, na ni sita pekee inayomwokoa mgonjwa.

"Mtu anachomwa upanga wa tumbo," alisema Tinga, "analala, asubuhi anaamka anadai mahamri. Miaka mitatu tunafanya hivyo. Huo ni uongo."

"Ni uongo mtamu," alisema Kefa. "Mimi ukweli niko nao Jumatatu mpaka Jumamosi, pale getini, kwa jua. Jumapili niache nife kidogo, nilale, niamke na upanga wangu."

Kahaso naye alisema kwa upole wake, "Watoto wangu kule chekechea wakicheza vita, aliyekufa hulala chini akahesabu mpaka kumi, kisha huinuka. Sijaona hata mmoja aliyelalamika."

"Wale ni watoto," Tinga alijibu, na hakutabasamu. "Dada Mwanarehema, wewe wasemaje? Wewe ndiye unayeyajua."

Mwanarehema alikuwa amefika ukurasa wa nne na hapo ndipo alipokwama. *Siku ya tatu: wekundu unapanda.* Aliusoma mstari huo mara mbili.

"Sawa tu," alisema. "Mimi lolote sawa."

Haikuwa sawa. Miezi miwili Tinga alikuwa akimtumia maswali kwa simu. Kidonda huanza kunuka siku ya ngapi? Mtu hutetemeka kabla ya homa au baada yake? Mwanarehema aliyajibu yote kwa sababu hakuwa na uso wa kumnyima. Tinga alikuwa na mdogo wake, Masha, kitindamimba wao, kibarua wa mjengo. Mwaka jana bati la kuezekea lilimkata muundi. Siku ya tatu Tinga alipiga picha ule mguu, akamtumia Mwanarehema: *Dada hebu tazama, tumpeleke ama?* Ujumbe ulimkuta mwisho wa zamu, amekaa kwenye benchi la feri, macho yanajifumba yenyewe. Aliitazama picha kwa muda wa kupiga chafya. Akaandika: *Kitapona inshallah, apumzike tu.* Akaongeza na kaua kadogo kekundu.

Siku ya nane Masha alifariki hospitalini.

Baada ya mazishi aliifungua ile picha tena. Mstari mwekundu ulikuwa pale pale, unapanda kutoka kwenye jeraha kuelekea goti, umenyooka kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuona. Aliifuta. Kufuta hakukumsaidia kitu, kwani aliikariri. Tinga hakuwahi kumuuliza neno. Alimshukuru msibani, alimkaribisha mchezoni kama kawaida, na mwaka mzima Mwanarehema alikuwa akikaa kwenye kile kiti akijiuliza kama anajua au hajui. Kuuliza alikuwa hawezi. Kuacha kuja pia alikuwa hawezi, kwa kuwa ndiyo pumziko pekee alilobakiwa nalo duniani.

Mchezo ulianza. Walifika mlango wa kwanza wa mji, Kefa akashangilia hadi akagonga kichwa kwenye rafu, kisha walinzi wa mlango wakatoka. Mzee Radi alikata wawili. Wa tatu alimkata yeye. Kefa alirusha dadu ya sehemu ya mwili, akainua ukingo, akasoma kwa uaminifu uliomtia majuto baadaye.

"Mbili. Mbili ni wapi?"

"Mguu," alisema Tinga. "Chini ya goti."

"Ah, mguu si kitu."

Tinga alifungua ukurasa. "Nani anauguza?"

Kahaso alikuwa juu ya ukuta, mwizi wake hawezi kushuka. Macho yote yakamgeukia Mwanarehema.

"Bi Shoka hajui kuuguza," alisema.

"Basi ndio atajifunza leo," alisema Tinga.

Wallahi kuna uchovu wa mwili, ambao ukilala unaondoka, na kuna ule mwingine. Mwanarehema aliuhisi huo mwingine ukimpanda kutoka miguuni. Hata hapa! Hata jitu la mashoka mawili lilikuwa limekabidhiwa bandeji. Alichukua kikombe kwa sababu kukataa kungehitaji maneno, na maneno hakuwa nayo.

Siku ya kwanza alipata nne. Siku ya pili, moja, kidonda kikazidi. Siku ya tatu, tatu, kikazidi tena.

Tinga alisoma karatasini kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Mguu umevimba. Wekundu unapanda kuelekea goti. Bi Shoka anafanya nini?"

Mwanarehema alifungua mdomo.

"Ananipumzisha, si ndiyo?" Kefa alidakia, anacheka. "Sista, nipe shuka nilale, nitapona."

Feni ilizunguka. Tinga aliandika kitu daftarini bila kuinua kichwa. "Amepumzishwa," alisema, na akazipitisha siku nyingine upesi upesi, ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Mgonjwa hali chakula. Mgonjwa hamjui mtu. Kefa aliacha kucheka mahali fulani kwenye siku ya sita.

"Siku ya nane," alisema Tinga. "Ni sita pekee."

Kefa alimwinamia Mwanarehema, akamnong'oneza kwa namna ambayo hata jirani wa nyuma angesikia. "Sista, hiyo dadu ni wewe unaisoma."

Kahaso aliangalia dari. Hata Tinga aligeuza uso akajifanya kutafuta kalamu. Namba yoyote ambayo angeitaja ingeaminiwa. Desturi yao yote ilikuwa imekaa pale inamngoja aseme neno moja la kufurahisha watu.

Alitikisa, akafudikiza, akainua ukingo.

Mbili.

Sita ilikuwa nyepesi ulimini. Angeisema, Kefa angepiga yowe, mchezo ungeendelea, naye angerudi nyumbani kulala. Alikuwa ameshawahi kusema neno tamu na jepesi namna hiyo, akaongeza na kaua.

"Mbili," alisema.

"Ah, sista!"

"Ni mbili, Kefa." Kisha alimtazama Tinga, na kwa vile alikwishaanza hakutaka kusita. "Masha sikumtazama. Ulinitumia picha, nami sikuitazama. Nilikuwa nimechoka, nikasema apumzike. Ulikuwa ni mguu wa kupelekwa hospitali saa ile ile. Ningeitazama, ningeona."

Kahaso aliweka mkono mdomoni.

"Najua," alisema Tinga.

"Tangu lini?"

"Tangu wodini. Daktari aliniuliza nani aliyetuambia tungoje nyumbani. Sikumtajia mtu." Alizikunja pembe za karatasi zake, akazikunjua. "Nilisema utaniambia mwenyewe. Nimengoja mwaka. Nikachoka kungoja, nikaandika kanuni."

"Ungeniuliza, kaka Tinga."

"Ningekuuliza nini, dada? Wewe ulipewa picha. Mimi nililala naye chumba kimoja. Niliuona ule mguu kwa macho yangu, nikanusa na harufu. Nilitaka kuambiwa apumzike. Kesho yake nilikuwa na karatasi za mitihani za kuchapa, shule mbili, na kumpeleka kungenila siku nzima." Alizisukuma karatasi kando. "Ulipoandika vile, nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi."

Mwanarehema alilia bila kelele, kama wanavyolia watu ambao kazini hawaruhusiwi. Tinga hakumbembeleza, na mwenyewe macho yalikuwa yamemwiva. Kahaso alisogeza chupa ya maji katikati ya meza, anywe atakaye.

Hatimaye Kefa alikohoa. "Kwa hivyo," aliuliza polepole, kwa heshima kabisa, "Mzee Radi amekufa?"

Tinga aliziangalia kurasa zake kumi na moja. Zilikuwa kweli tupu, kila mstari. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa kumsaidia mtu.

"Kanuni zasema amekufa."

"Watoto wangu huhesabu mpaka kumi," Kahaso alisema, kwa sauti ndogo.

Tinga alianza kufungua kurasa kurudi nyuma, ya saba, ya sita, ya tano, hadi ya nne.

"Turudi siku ya tatu," alisema.

"Lakini kanuni zako hazina kurudi," alisema Kefa.

"Kanuni zangu nazijua." Alimgeukia Mwanarehema. "Siku ya tatu, asubuhi. Mguu umevimba. Wekundu..."

"Taratibu," alisema Mwanarehema. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akavuta kiti mbele hadi magoti yakagusa meza. "Usinisomee. Nieleze. Kila kitu, taratibu."

Tinga aliifunga karatasi, akaeleza. Jeraha urefu wa kidole, kingo zimeng'aa. Ngozi imekaza, ukiigusa inaunguza.

"Usiku ulipitaje?"

"Alitetemeka. Tulimfunika mablanketi mawili, akaendelea kutetemeka."

"Amekula?"

"Alisema hana hamu. Alikunywa chai, akaitapika."

"Huo wekundu umefika wapi? Nionyeshe."

Tinga aliinua mguu wake mwenyewe, akauweka juu ya katoni ya karatasi, akapandisha suruali. Aliweka kidole kwenye muundi, akakipandisha polepole, kidogo kidogo, hadi chini ya goti, kikasimama hapo.

Mwanarehema aliinama. Alipatazama pale palipokuwa na kidole, akapatazama kwa muda mrefu, macho yamemwuma kwa usingizi na hakuyafumba.

"Huyu hapumziki," alisema. "Mbebeni. Sasa hivi, msingoje kitu."

Tinga alichukua kalamu, akaandika kama alivyoambiwa.