Mashimo Manne ya Mviringo

Madina anasema meza ililia kwanza, halafu Lodio akaimaliza kwa nyundo. Hivyo ndivyo anavyowaambia wateja wake, na wateja wake ni karibu mtaa wote wa Bulla Pesa, kwa sababu kibanda chake cha chai kinatazamana na karakana yetu na hakuna anayepita bila kusimama. Anasema ilikuwa Alhamisi, azana ya adhuhuri imetoka tu kuisha. Akasikia mlio kama wa bunduki. Wanaume wawili waliokuwa wanakunywa chai walilala chini na vikombe mkononi, na mmoja wao hakumwaga hata tone. Alipoinua kichwa akamwona Lodio chini ya meza ya watu, uso umekunjana, anapiga nyundo kwa nguvu zake zote.

"Na siku moja kabla," Madina humalizia huku akimimina chai, "nilimsikia kwa haya masikio yangu akimwambia Kaimenyi itapasuka. Sasa niambieni, mtu anajuaje kitu kitapasuka kama si yeye atakipasua?"

Mimi nilikuwa pale. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa hiyo meza, nimeshika msasa.

Madina si mwongo. Yote anayosema aliyaona au aliyasikia. Ni vile tu aliinua kichwa akiwa amechelewa.

Huu ni mwaka wa tatu nikifanya kazi kwa Kaimenyi. Ni mtu wa nyumbani, wa kutoka Meru kama mimi, na mimi humwita Baba Mwirigi. Nilipomaliza darasa la nane shangazi yangu alinileta kwake akamwambia, "Huyu Kagwiria haongei sana lakini anaona." Tunatengeneza meza, viti na rafu za mbao na chuma, za ule mtindo ambao chuma hakifichwi. Mahali palipochomewa panaonekana, vichwa vya bolti vinaonekana, mbao inabaki na macho yake. Wateja wanakuja na picha kwa simu. Wanasema, "Nataka kama hii lakini ndefu," ama, "Kama hii, lakini iingie kwa kona yangu." Wazee wakipita huuliza ni lini tutaimalizia kwa rangi.

Kaimenyi hupima na kukata mbao. Lodio alikuwa anachomea chuma. Mimi napiga msasa, natoboa, napaka mafuta.

Lodio ni Mturkana, mtu mrefu wa maneno machache, na kinyago chake cha kuchomea alijitengenezea mwenyewe kutoka kwa mtungi wa gesi wa zamani. Ndiye alinifundisha habari ya mashimo. Mbao zetu zinatoka juu, kwenye baridi na mvua. Zikishuka hapa Isiolo zinaanza kukauka siku hiyo hiyo, na zikikauka zinapungua upana. Chuma hakipungui.

"Umewahi kuona ngozi mbichi ya ng'ombe ikiwambwa chini?" aliniuliza. "Unaweka vigingi pande zote. Jua likiikausha inajivuta. Kama umeikaza sana, inararuka yenyewe. Hakuna mtu ameigusa."

Kwa hiyo pau za chuma zinazopita chini ya meza, zile zinazoshika mbao, hatuzitoboi mashimo ya mviringo. Tunatoboa marefu, kama punje ya mchele, ili mbao ikijivuta bolti itembee nayo. Drili yetu haijui kutoboa shimo refu. Unatoboa mawili karibu karibu, kisha unachukua tupa unakula chuma kilichobaki katikati, kwa mkono. Shimo moja linaweza kukumaliza nusu saa.

Meza ya Qabale ilikuwa na pau tatu. Mashimo manne kila pau.

Qabale ni msichana wa hapa hapa mjini, wa Kiborana, anafungua nyumba ya kahawa kando ya barabara ya Moyale. Aliagiza meza moja tu, ndefu, ya watu kumi na mbili, ili wageni wakae pamoja wapende wasipende. Alitaka kuja kuiona Alhamisi. Mbao ilikuwa imekaa kwetu wiki tatu. Siku ya Jumatano Lodio aliibonyeza kwa kidole gumba, akainusa, akasema ingoje mwezi mmoja zaidi.

"Mwezi?" Kaimenyi akacheka. "Hii ni mbao ama ni mimba?"

"Baba Mwirigi, bado ina maji."

"Tia bolti. Wewe kazi yako ni chuma, mbao niachie mimi niliyezaliwa ndani yake."

"Basi itapasuka," Lodio akasema. Alisema kwa sauti, kwa sababu grainda ilikuwa inalia, na grainda ikazimwa kabla hajamaliza. Neno lilifika mpaka kwa Madina likiwa zima.

Jioni hiyo hiyo mimi nilikuwa natoboa. Pau ya kwanza nilifanya vizuri, mashimo marefu manne. Ya pili pia. Ya tatu, stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imetoka kwa sababu ya tupa. Stima iliporudi mara ya pili nilitoboa mashimo manne ya mviringo, moja moja, nikaweka drili chini. Niliwaza kwamba pale chini hakuna mtu hutazama. Niliwaza pia kwamba nane yanatosha.

Lodio alikuwa anafunga kinyago chake kwa kamba aende nyumbani. "Yote ni marefu?"

"Marefu," nikasema.

Hakuangalia. Alikuwa amenifundisha mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nilizifunga pau zote tatu kwa bolti mwenyewe. Kaimenyi alisema meza itolewe nje ili mafuta yakauke haraka kabla Qabale hajafika, kisha akaenda kununua bolti za kazi nyingine. Tuliitoa, tukaiweka kwenye jua. Azana ikaisha. Lodio alikuwa nyuma ya karakana anakula mkate. Ndipo mbao ikapasuka, kutoka upande wa pau ya tatu mpaka karibu katikati. Mlio ulikuwa kama Madina anavyosema. Hata mimi niliinama.

Lodio alikuja mbio, mkate bado mdomoni, akachukua spana akaingia chini kulegeza bolti ili ufa usiende zaidi. Moja ilikwama. Akaomba nyundo. Mimi ndiye nilimpa. Akapiga spana kwa nyundo mpaka bolti ikaachia, na hapo ndipo Madina alipoinua kichwa.

Ufa ulisimama. Lodio aliitoa pau akaigeuza. Akaweka kidole kwenye shimo la kwanza, kisha la pili, mpaka la nne. Kisha akanitazama, si kwa muda mrefu. Akatema mkate pembeni.

Kaimenyi alirudi akipitia kwa Madina, kwa hiyo alipotufikia alikuwa tayari na hadithi.

"Ulisema itapasuka," akamwambia Lodio.

"Nilisema."

"Ukaipasua ili neno lako litimie."

Kaimenyi akainama, akapitisha mkono chini ya meza, akaiangalia ile pau iliyokuwa kwenye mchanga. Nilimwona akiiangalia. Kisha akasimama akajipangusa magoti. "Nenda nyumbani," akasema. "Nikikutaka nitakuita."

Lodio akachukua kinyago chake akaenda. Mimi nikaendelea kupiga msasa kiti kilichokuwa hakihitaji msasa.

Qabale alikuja alasiri. Alitembea akaizunguka meza, akachuchumaa, akatia ukucha ndani ya ufa. Kaimenyi alianza kumweleza habari ya Lodio.

"Mimi nilikuja kuona meza, sikuja kusikia kesi," Qabale akasema. Akatoa ukucha kwenye ufa. "Nyanya yangu kibuyu kikipasuka hakitupi. Anakishona, na mshono unaonekana, na maziwa hayamwagiki. Hii nayo mnishonee. Kwa chuma. Mshono uonekane."

"Tubadilishe mbao tu," Kaimenyi akasema. "Ni siku chache."

"Sitaki nyingine. Hii imeshapasuka, haitapasuka tena. Nyingine sijui."

Kaimenyi alisema sawa. Wiki iliyofuata alijaribu mwenyewe. Alikata nondo nyembamba, akazikunja kama vikuku vilivyofunguka, akapigilia cha kwanza. Ufa ukaongezeka kidole kizima. Akaita fundi mwingine, huyo akapasha chuma moto hadi kikachoma mbao na kuacha doa jeusi. Baada ya hapo meza ikafunikwa gunia, na Qabale akawa anapiga simu kila siku mbili, na Kaimenyi akawa anaacha ilie.

Mimi nilikuwa nangoja. Shangazi husema nina subira. Nilingoja Kaimenyi aseme yale aliyoyaona, nikangoja Lodio arudi aseme, nikangoja Madina achoke. Madina hakuchoka. Hadithi ilizidi kukua, sasa Lodio alikuwa na nyundo mbili.

Jumapili baada ya kanisa nilienda mtaa wa Chechelesi, anakokaa Lodio. Nilimpata kando ya njia, anachomea ekseli ya mkokoteni wa punda. Mwenye mkokoteni alikuwa amesimama karibu sana, anatazama kila kitu, kama mtu anayelinda mali yake.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok." Akainua kinyago. "Umekuja kutoboa?"

Nilitaka kucheka lakini sikuwa na haki. Nikamuuliza kazi zikoje.

"Hizi." Akaonyesha mkokoteni. "Kule kwa wenye karakana nilienda tatu. Wa kwanza aliniuliza kama ni mimi yule wa nyundo. Wa pili hakuuliza, alicheka tu. Wa tatu aliniambia nikikasirika nimwambie mapema atoe vitu nje." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesoma vipimo.

"Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Ningemwambia nani? Kaimenyi aliona. Aliiangalia ile pau kama mimi. Wewe ni wa kwao, mimi ni wa kuchomea." Akashusha kinyago, kisha akakiinua tena. "Tena nilidhani utasema mwenyewe. Nilifika hadi pale kwa mnara wa simu nikitembea polepole."

Mwenye mkokoteni akasema, "Fundi, punda anangoja," na Lodio akarudi kwa ekseli.

Jumatatu asubuhi nilifika kabla ya Kaimenyi. Ile pau ya tatu ilikuwa bado kwenye rundo la vyuma vya kutupa. Niliipangusa mchanga nikaiweka kwenye benchi, pale anapoweka simu na futi yake. Kisha nikapiga msasa mpaka saa nne, kwa sababu saa nne Madina huvuka na birika, na siku hiyo Qabale pia alikuwa amesema atakuja, na akaja.

"Salaam aleikum," Qabale akasema. "Leo sitoki hapa bila kujua. Inashonwa ama haishonwi?"

"Inashonwa, inashonwa," Kaimenyi akasema. "Tatizo ni yule mtu aliyeiharibu, alituachia kazi ya—"

"Si yeye," nikasema.

Madina alikuwa anamimina. Chai ikaendelea kuingia kikombeni hadi ikafika juu.

"Haya mashimo ni yangu," nikasema, nikaigeuza pau ili waone. "Yangekuwa marefu, mbao ingetembea. Nilitoboa mviringo kwa sababu nilichoka. Lodio aliniuliza nikamwambia ni marefu. Ilipopasuka yeye alikuwa nyuma anakula mkate. Nyundo nilimpa mimi, afungue bolti."

"Lakini nyundo niliiona," Madina akasema.

"Uliiona, mama. Ilikuja baada ya mlio."

Madina akaweka birika chini. Nilimwona akirudisha ile siku kichwani, mlio, wanaume chini, kichwa juu, nyundo. "Waa," akasema polepole. "Na nimewaambia mpaka watu wa Garba Tulla."

"Basi waambie na hii," Qabale akasema.

"Kagwiria," Kaimenyi akasema. Alikuwa hajanitazama. "Hayo ni mambo ya ndani ya kazi. Tungezungumza sisi wawili."

"Tungezungumza," nikasema. "Ni wiki ya tatu."

Qabale alitoa gunia juu ya meza akaweka kiganja mwisho wa ufa, pale ulipoongezeka. Kwenye kibanda cha Madina mtu alikuwa anagonga kikombe akitaka chai, na Madina hakugeuka.

Nilikuwa nimepanga kusema maneno mengi zaidi. Nilikuwa nimepanga kumwambia ya zile karakana tatu, na mwenye mkokoteni anavyosimama. Lakini kwangu maneno huja machache.

"Baba Mwirigi, naomba umpigie Lodio," nikasema. "Umpigie sasa, tukiwa hapa. Umwambie ulikosea, arudi kazini."

Kaimenyi akanyoosha mkono kwenye benchi. Simu ilikuwa hapo, na kando yake pau, na kando ya pau futi. Akachukua futi, simu akaiacha. Akaivuta juu ya ufa kutoka mwanzo mpaka mwisho, akainama kusoma, akatoa penseli nyuma ya sikio akaandika kipimo kwenye mbao. Kisha akarudi mwanzo wa ufa, akapima tena.