Ukurasa wa Kumi na Nne

Mwanamume aliyekuja kumuulizia Mama Povu hakupiga kelele wala hakutukana, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Alisimama mlangoni pa banda la sabuni, kofia mkononi, akangoja mpaka mche wa mwisho ukatwe, na waya wa kukatia uwekwe pembeni.

"Wewe ndiye uliyeandika kitabu cha sabuni?"

"Ndiye mimi. Karibu, baba, ingia kivulini."

Hakuingia. "Mke wangu alikifuata. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto, madaktari wanasema tungoje."

Akamnyooshea simu. Juu kabisa palikuwa na jina la kitabu chake, na chini yake jina lake mwenyewe, limeandikwa sawasawa, hata herufi haikukosewa. Halafu yakaja maelezo yaliyofupishwa, na mstari wa tatu ulisema: *Pima soda, weka ndooni, kisha mimina maji polepole.*

Mama Povu aliusoma mstari ule mara tatu, akakalia ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa ametengeneza sabuni miaka ishirini na miwili, na jambo la kwanza alilomfundisha kila mtu ni hilo hilo, kinyume chake. Soda kali huingia kwenye maji mengi, kidogo kidogo, ikayeyuka. Ukigeuza, ukaimwagia soda maji, inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Katika kitabu chake onyo hilo lilikuwa ukurasa wa kumi na nne, herufi kubwa, ndani ya kisanduku cheusi.

Alikwenda ndani akakileta. Mwanamume alikisoma kisanduku akiwa amesimama, akakifunga kitabu taratibu, akamrudishia.

"Sisi hiki hatukukiona," alisema. "Sisi tulitumiwa kile." Akavaa kofia yake, akaondoka. Hakudai chochote.

Kabla ya siku ile, Mama Povu alijua kwamba watu wanakigawana kitabu chake kwenye simu, na hakujali sana. Mumewe, fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache, alikuwa amemwambia, "Waache. Wakipeana, jina lako linakwenda mbali." Na kweli jina lilikwenda mbali. Sasa alitamani lirudi nyumbani.

Kitabu kile alikuwa amekichapa mdogo wake, mpiga chapa katika duka la vifaa vya ofisi. Jioni ile ile alimwita, wakaanza kumsaka aliyekigeuza. Haikuwa kazi ngumu. Kila aliyekuwa na faili alisema kalipata wapi, na baada ya siku nne walifika kwa mwalimu mstaafu wa mji mwingine, aliyekuwa akiongoza kikundi cha wajane. Mama Povu alimpigia akiwa amejiandaa kumtolea maneno makali. Maneno yenyewe hayakupata nafasi.

"Ni mimi, dada yangu," mwalimu alisema. "Picha za kurasa zilikuwa hazisomeki, wenzangu simu zao ndogo. Nikasema niwaandikie upya, kwa ufupi. Niliandika kwa kichwa. Sikujua kama kuna tofauti, soda kwenye maji au maji kwenye soda. Si vinachanganywa?"

"Umewapa watu wangapi?"

"Niliwapa kumi na wawili. Faili lenyewe nimeshalifuta kwangu. Nimefuta sasa hivi ukiwa kwenye simu."

Mama Povu alimshukuru. Angemwambia nini tena? Wale kumi na wawili nao walikuwa na dada zao, na dada zao walikuwa na majirani.

Alikwenda ofisi ya hakimiliki, vyumba viwili ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Afisa alimpokea vizuri, akakipekua kitabu, akakisifu jalada lake. Kisha akaeleza kwamba sheria ipo, tena nzuri, ila utekelezaji unaanza kwa mwenye haki.

"Maana yake nini, mwanangu?"

"Maana yake wewe ndiye unayelinda, mama. Ukiona kazi yako mahali, unaandikia wenye mtandao ule, unathibitisha ni yako, wao wanaondoa. Sisi tunaingia kama kuna kesi."

"Mwizi akiingia kwangu nikapiga simu polisi, wataniambia nimkimbize mwenyewe?"

Afisa alicheka, si kwa dharau. "Mama, tuko watatu hapa, na mmoja yuko likizo ya uzazi. Mtandaoni kuna mafaili kama mchanga. Nani atakesha nayo yote?"

"Kuna mtu amepofuka."

Kicheko kikaisha. Alisogeza makaratasi mezani, akayarudisha yalipokuwa. "Hilo la kupofuka," alisema, "haliko kwenye hakimiliki. Jaribu wizara ya afya." Wizara ya afya walimwambia kitabu si dawa.

Basi akawa mlinzi. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa glavu, alikaa na mdogo wake kwenye meza ya kulia, wakatafuta na kujaza fomu. Kila kiungo kilidai fomu yake. Jina, anwani, picha ya kitambulisho, picha ya jalada, na mwisho tamko kwamba anaapa yeye ndiye mwenye haki. Mama Povu alisema hata siku ya ndoa yake hakuapishwa hivyo. Mwezi wa kwanza waliondoa mafaili arobaini na moja, na mdogo wake alichora mistari ukutani kwa penseli kama mfungwa anayehesabu siku. Mwezi wa pili yakatokea sitini na kitu, mengine na jalada jipya la maua na maneno *toleo la kisasa*. Wakaacha kuchora.

Lakini hayo ya wazi yalikuwa afadhali. Sehemu kubwa ya watu walipeana ndani ya magrupu, na grupu huwezi kuliripoti kama wewe si mmoja wao. Kwa hiyo akaanza kujiunga. Akaingia kwenye magrupu ya wajasiriamali, ya akina mama, ya wahitimu wa shule fulani, hata moja la wafugaji wa sungura. Kila alipoingia aliandika: *Ndugu zangu, faili la sabuni linalozunguka lina kosa la hatari. Mimi ndiye mwandishi. Soda iende kwenye maji. Lifuteni.*

Majibu yalifanana kana kwamba watu wamekubaliana.

*Mwandishi lazima aseme cha bure kina kosa.*

*Anataka tununue chake.*

*Mama Povu anatoa povu!* Hapo chini walipanga vichekesho na vikaragosi vya kulia machozi.

Admini wa grupu moja alimtoa baada ya dakika mbili. Mwingine alimwandikia faraghani, kwa adabu: "Dada, tunakuheshimu, ila usituharibie watu. Tumetumia maelezo hayo mwaka mzima na hatujaungua." Huenda alikuwa na bahati, au alitumia soda iliyokwisha nguvu. Mama Povu alimjibu kwa ujumbe mrefu, akakuta ameshazuiwa.

"Sikiliza," alimwambia mdogo wake siku moja. "Wakisikia mwenye mali wanaziba masikio. Basi nisiwe mwenye mali. Kipige picha kitabu kizima, vizuri, ukiweke bure. Kila mahali. Andika *chukua, gawa*."

"Kazi yako yote hiyo, dada?"

"Kipige picha."

Walitumia siku mbili, kurasa tisini na sita kwenye mwanga wa dirishani. Mdogo wake alikipandisha kwenye mitandao mitano. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, kwenye minne kilikuwa kimeondolewa. Mahali pa kitabu palikuwa na sentensi moja: *Imeondolewa kutokana na malalamiko ya mwenye haki.*

Mdogo wake aliisoma kwa sauti, akamtazama. "Mwenye haki ni wewe."

Fomu zao zilikuwa zimefanya kazi. Mashine zilishajua jalada lile, zikawa zinalifukuza popote zilipoliona; na faili la mwalimu, lisilo na jalada wala picha, lilipita chini yake bila kuguswa. Walituma barua ya kueleza. Jibu likaja papo hapo, la mashine, likiwashukuru kwa subira. Walituma tena. Mumewe aliingia kunawa mikono yenye grisi, akawakuta wameshika tama, akauliza kuna nini. Alipoelezwa alisimama kidogo na taulo begani, akasema, "Pumzikeni basi," akarudi kwenye pikipiki zake.

Ilikuwa Alhamisi simu ilipolia, namba ngeni, sauti ya mwanamke mchangamfu, nyuma yake watoto wanacheza.

"Ni Mama Povu mwenyewe? Namba yako nimeiona kwenye jalada la kitabu chako, dukani kwa shangazi. Nimeshapima soda, iko ndooni. Nilitaka tu kujua, maji yawe ya moto au ya baridi?"

Mama Povu alisimama. "Usimimine chochote. Mwanangu, nisikilize. Ndoo hiyo iache. Chukua ndoo nyingine, tia maji ya baridi, halafu soda uitie humo kijiko kijiko. Umenielewa?"

"Lakini maelezo niliyonayo yanasema maji ndiyo yaje juu."

"Yamekosewa! Kitabu ni changu, nakwambia yamekosewa!"

Sauti ya yule mwanamke ikapoa, kama ya mtu anayeongea na mchuuzi mlangoni. "Sawa, mama. Ngoja niulize kwanza kwenye grupu."

Simu ikakatika. Alipiga, inatumika. Alipiga tena. Aliandika ujumbe, akaukosea, mdogo wake akamnyang'anya simu akaandika yeye. Ujumbe haukusomwa. Walipiga kwa zamu, mara kumi na saba, banda likiwa wazi na mafuta yakiganda kwenye sufuria.

Baada ya saa moja na robo simu ikapokelewa, na mwanamke mwingine. "Mimi jirani. Mwenyewe tumempeleka kituo cha afya. Ni uso na mikono. Nani mwenzangu?"

Mama Povu hakusema yeye ni nani. "Mwagieni maji safi," alisema, "maji mengi, msiache kumwagia," na jirani akasema kule kituoni maji hayakuwa yakitoka tangu juzi.

Aliiweka simu mezani. Mdogo wake alikuwa ameshafungua kompyuta, kwa mazoea tu, na orodha ilikuwa mbele yake.

"Leo yako mangapi?" Mama Povu aliuliza.

"Mapya kumi na tisa."

Alikwenda kwenye sinki, akanawa mikono yake, akaikausha kidole kwa kidole. Kisha akavuta kiti, akaanza kujaza fomu ya kwanza.