Video Isiyo na Sauti

Dada yangu alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka, na sote watatu tukamgeukia. Ndivyo anavyoita watu. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, na mimi mdogo wake ndiye ninayemtafsiria kwa watu wasiojua lugha ya ishara.

"Anasemaje?" Mkuu wa chuo akaniuliza.

"Anasema hajapendezwa."

Dada alikuwa akinitazama midomo. Akanikunjia uso, akaashiria polepole kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: sema nilivyosema.

Nikamgeukia Mkuu. "Anasema mmemfanya achungulie kwenye kidirisha cha choo."

Waya alicheka, akajifanya anakohoa. Huyo ndiye fundi wa tovuti ya chuo, na jina hilo alilipata kwa zile nyaya za chaja anazotundika shingoni kama mkufu. Mkuu hakucheka hata kidogo.

Chuo chetu kinafundisha ushonaji. Mimi ni mfagizi, dada ndiye fundi wa vyerehani vyote. Huweka kiganja juu ya mashine inayokwenda, akafumba macho, halafu akakuonyesha skrubu iliyolegea. Wasichana viziwi wa mbali walikuwa wameomba somo lake liwekwe kwenye tovuti, walitazame kwa simu zao. Tukalirekodi ukumbini, mbele ya pazia la maua ambalo Mkuu analipenda kama mwanawe, na sasa tulikuwa ofisini kwa Waya tukitazama kilichotoka.

Cherehani ilijaa skrini nzima. Muziki ulikuwa ukilia. Dada yangu alikuwa pembeni chini, ndani ya kiduara kama kifungo cha shati, mikono ikipepea humo.

"Faili la kamera lilikuwa zito mno," Waya akaeleza. "Tovuti hailipokei. Hata lingeingia, simu ndogo zingezungukazunguka tu bila kulifungua mpaka bando liishe. Kwa hiyo nimelibadilisha kuwa MP4, ambayo karibu kila simu inafungua, nikapunguza ukubwa, nikapunguza na idadi ya picha kwa sekunde."

"Na sauti tutaweka ya huyu," Mkuu akasema, akininyooshea kalamu. "Ana sauti tamu. Atasoma maelezo, dada yake atabaki pale pembeni kwa ajili ya wenzake. Kila mtu ameridhika."

Mimi shule niliishia ya msingi. Mkuu hakuwahi kuniambia nina kitu chochote kitamu, na sikio langu lilipata joto kwa raha. Lakini kutafsiri ni kutafsiri. Nikampa dada kila neno, pamoja na lile la utamu.

Akamgeukia Mkuu, nami nikamfuata kwa mdomo. "Somo ni la nani?"

"Lako, bila shaka."

"Basi mbona mimi ndiye nimekaa kona kama mgeni?"

Mkuu akashusha pumzi, akanitazama mimi. "Mwambie dada yako hapa hatushindani."

"Yupo mbele yako, Mkuu. Mwambie mwenyewe."

Sijui ulimi huo niliutoa wapi.

Dada akatoa simu yake kuukuu, kioo kimepasuka, akamwashiria Waya amwekee ile video. Alipoipata akaisogeza mpaka mahali fulani, akanipa. Akaashiria: hapa nimesema nini?

Mikono ile naisoma tangu ananibeba mgongoni. Nikatazama. Nikarudisha, nikatazama tena. Mkono uliruka kutoka huku hadi kule bila kupita katikati, na vidole vimeshikana kama vimetiwa gundi.

"Sioni," nikasema kwa mdomo na kwa mikono. "Ni kaza au ni legeza. Inategemea kiganja kinazungukia upande gani, na huko kuzunguka hakupo."

Dada akatikisa kichwa, akaendelea, nami nikatafsiri bila kupunguza kitu: "Msichana atakaza pale pa kulegeza. Sindano itakatika, kipande kimrukie jichoni. Halafu mtasema viziwi ni wazito kuelewa."

Waya alichukua ile simu, akaikazia macho. "Hizo ndizo picha nilizopunguza," akasema taratibu. "Nikizirudisha, faili linavimba. Lazima nikate kitu kingine."

"Kata sauti," nikatafsiri.

"Hapana!" Mkuu akaruka. "Wageni wakifungua wasisikie kitu watadhani tovuti imeharibika. Watatucheka."

"Wacheke," Dada akajibu kwa mikono, nami nikatafsiri. "Mimi nachekwa tangu utotoni, na nitazame, nimepungua wapi?"

Dada yangu ni mnene. Waya akakohoa tena.

"Sauti haili nafasi sana," akasema, "ila kwenye faili dogo kila punje inasaidia. Mlaji mkubwa ni lile pazia. Feni inalipeperusha, maua yote yanacheza, na kompyuta inahangaika kuyachora upya. Ukuta mtupu haudai kitu. Halafu tupige wima, kama simu inavyoshikwa, tuache kupoteza nafasi pembeni."

"Pazia langu?" Mkuu akauliza.

Dada alikuwa ameshasimama. Alikwisha kusoma "ukuta" kwenye midomo ya Waya. Akabeba cherehani kifuani na kutoka, Waya nyuma yake na kamera.

Mkuu akanishika mkono. "Wewe una busara. Zungumza naye. Ukitusomea maelezo, nitakutoa kwenye ufagio nikuweke mapokezi."

Nilimtazama. Mimi huwa nakawia kujibu, na watu hudhani sina la kusema.

"Mkuu, kila nikimsemea dada, watu wananitazama mimi. Mara hii wamtazame yeye."

"Basi wageni wakiuliza mtajibu nyinyi."

"Tutajibu."

Tulirekodi upya kwenye ukuta wa stoo. Dada alivaa koti jeupe la kazi ili mikono yake ionekane. Sisi tunaosikia husema huku tunafanya kazi. Yeye lazima aweke bisibisi chini ndipo aseme. Waya alitaka kuvikata vile vituo, dada akamtishia kwa hiyo hiyo bisibisi. Mwishowe walikubaliana kuligawa somo mara mbili, kulegeza peke yake na kukaza peke yake, ili kila faili liwe jepesi.

Tukafungua la kwanza kwenye simu iliyopasuka. Halikuzunguka hata kidogo. Dada alijaza skrini kuanzia kiunoni hadi utosini, na nikiwa nimeinyoosha simu mbali na uso nikasoma bila shida: legeza.

Mkuu alikuja akasimama mlangoni. "Na wageni?"

Dada akaniashiria, nami nikamsomea Waya, akayaandika maneno makubwa mwanzoni mwa video:

*Somo hili halina sauti. Simu yako ni nzima. Tazama mikono.*

Mkuu aliyasoma mara mbili. "Angalau ongezeni 'tafadhali'."

Dada alikuwa amemtazama midomo. Akaashiria mara moja, kwa ufupi.

"Anasemaje?" Waya akaniuliza, kidole juu ya kitufe.

"Amesema hapana," nikajibu. "Pakia hivyo hivyo."