Kamera ya Maarit

Maarit aliinunua ile kamera kiangazi kile walipovuka na meli kwenda Estonia, na tangu siku hiyo mumewe, Ilpo, hakuacha kuitania. Ilikuwa nyembamba kama biskuti, ukiitia mfukoni mwa shati unasahau kama imo. Ilpo alikuwa fundi wa kubandika vigae kwenye sauna na mabafu, mtu wa vidole vinene. Kila akitaka kubonyeza kitufe kimoja, anabonyeza vitatu.

"Hii wameitengenezea panya," alikuwa akisema.

Kaka yake mkubwa, Raine, ndiye aliyekuwa akimchochea. Raine alikuwa na kamera kubwa ya kuvaa shingoni na begi zima la lenzi, na harusi ya ukoo haikuwa harusi bila yeye kupanda juu ya kiti. "Shemeji," alimwambia Maarit, "hiyo yako ikiingia gizani haioni kitu. Hata mimi bila miwani naona zaidi."

"Yako iko wapi sasa hivi?" Maarit akamuuliza.

"Nyumbani."

"Basi."

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imezika ua mzima, Maarit akaanza kuumwa kichwa na kuvimba uso. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi saba. Hospitalini wakasema shinikizo la damu limepanda vibaya, kifafa cha mimba kiko karibu, hakuna kungoja. Wakampasua siku ileile. Akatoka mtoto wa kike, njiti, akakimbizwa ghorofa ya chini kwenye wodi ya njiti wenzake, akalazwa ndani ya kisanduku cha joto. Mama yake akabaki juu, chumba cha mahututi, amezungukwa na mipira na mashine, haruhusiwi hata kukaa.

Alipozinduka vizuri, jambo la kwanza alilouliza ni mtoto.

"Yuko chini. Mzima," Ilpo akamjibu.

"Mleteni basi nimwone."

"Hawezi kutolewa, mama. Na wewe huwezi kushushwa. Subiri kidogo."

Maarit akaugeuzia uso ukutani. "Ilpo, usinifiche. Kama amekufa, sema amekufa."

Ilpo aliapa kila kiapo alichokijua. Haikusaidia. Manesi walimwekea Maarit mashine ya kukamulia maziwa, ikawa inavuma bure, hata tone halikutoka. "Maziwa ya nani?" Maarit akasema. "Acheni kunisumbua."

Ilpo akatoka akasimama ukumbini. Alikuwa amelishika begi la mkewe, na katika kutafuta kitambaa cha kufutia uso mkono wake ukagusa kitu baridi, bapa. Kamera.

Akashuka nayo chini. Nesi wa zamu alikuwa Tellervo, mama mrefu mwenye sauti nzito, ambaye wazazi wote wa wodi ile walimwogopa kidogo.

"Nataka kumpiga picha mtoto, mama yake amwone," Ilpo akasema.

"Na hiyo?" Tellervo akaipokea, akaigeuza. "Ndogo hii. Nzuri. Nitaifuta dawa. Lakini taa yake izime, sitaki kuona mwako wowote humu. Macho ya hawa bado machanga."

Ilpo hakujua taa inazimwa wapi. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka Tellervo mwenyewe akaizima kwa ncha ya ukucha. Wodi ilikuwa na giza la makusudi, mapazia yameshushwa. Ilpo akapiga kupitia ukuta wa plastiki wa kisanduku, akapiga tena na tena, kisha akapanda ngazi mbio.

Maarit aliishika kamera karibu na pua. Kwenye kile kioo kidogo palikuwa na doa la manjano, limetapakaa, na juu yake mng'ao wa plastiki na kivuli cha Ilpo mwenyewe.

"Hiki nini? Mkate?"

"Ndiye huyo. Hiki kichwa..."

"Umenipigia ukungu, Ilpo." Akalia kimyakimya, na mashine iliyopima moyo wake ikaanza kupiga kelele mpaka nesi akamtoa Ilpo nje. Huko nje Ilpo alipoitazama tena kamera, ilikuwa imejizima. Kibetri chake kilikuwa kimekwisha.

Raine alimkuta amekaa sakafuni ukumbini. Alikuwa amekuja na kamera yake kubwa shingoni, tayari kwa kazi, lakini kule chini waliruhusiwa wazazi tu, na Ilpo hakuweza kujifunza lile lidude kwa siku moja. Raine hakutania. Aliendesha gari kwenye theluji hadi nyumbani kwa mdogo wake kuleta chaja, akarudi, wakakaa karibu na soketi ya ukumbini wakingoja betri ijae.

"Sikiliza, dogo. Gizani lazima itatikisika, ndiyo udhaifu wake, jicho lake ni dogo mno. Usiishike kabisa. Iweke juu ya kitu. Bonyeza hapa, kuna alama ya saa, itangoja kidogo halafu ipige yenyewe. Na hii alama ya ua ni ya vitu vya karibu."

"Kumbe unaijua?"

"Niliichunguza ile Krismasi, mlipokuwa sauna," Raine akasema, aibu kidogo. "Halafu kuna hii ya video. Picha zake mbovu. Lakini inachukua na sauti."

Kesho yake asubuhi Tellervo aliifuta tena kamera kwa dawa, akaikagua pembe zote, akafungua kidirisha cha mviringo ubavuni mwa kisanduku. Akakunja kitambaa safi, akakiweka mle ndani. "Weka hapo juu. Ingekuwa ile ya kaka yako ningekufukuza."

Kamera ikaingia kwenye kile kitundu pamoja na mkono wa Ilpo. Akabonyeza alama ya saa, akaiacha, akasogeza kidole kwenye kiganja cha mtoto. Mtoto akakibana. Kamera ikalia *tik*. Kisha Ilpo akageuza kwenye video, na saa hiyohiyo Tellervo akaja kubadilisha nepi, mtoto akakasirika akalia: kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa kabatini.

Juu, Maarit aliitazama kwanza ile picha. Ilikuwa na chengachenga, rangi zimefifia, lakini safari hii kila kitu kilionekana: kidole kinene chenye madoa ya saruji yasiyotoka kwenye kucha, na vijidole vimekizunguka. Ilpo akabonyeza video. Kispika cha kamera kilikuwa kidogo kama tundu la sindano, kikikwaruza. Maarit akaiweka sikioni kama simu.

"Rudia," akasema. Ilpo akarudia. "Rudia tena."

Alipoisikiliza mara nyingine tena, alishika kifua ghafla. "Ilpo, nimelowa."

Nesi alikuja na mashine. Yalitoka matone tu, ya manjano, mazito. Nesi akayakusanya kwenye kichupa kana kwamba ni dhahabu, akampa Ilpo ashuke nayo. Ilpo, ambaye hata mazishini hakuwahi kuonekana akilia, alimkabidhi Tellervo kile kichupa huku machozi yakimdondokea kwenye ndevu.

"Asante," alisema. "Asanteni. Sijui nimshukuru nani kwanza."

"Nawa mikono kwanza," Tellervo akamwambia. "Halafu uje umlishe mwanao."

Wiki iliyofuata shinikizo la damu lilikubali kushuka, wakamteremsha Maarit kwa kiti cha magurudumu. Raine alikuwa amewaletea manesi mikate ya iliki, akabaki nje ya mlango na kamera yake begini. Tellervo alimtoa mtoto, mipira na yote, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi.

Maarit aliinamisha kidevu, akamtazama.

"Mbona mdogo hivi?" akanong'ona. "Kwenye picha alikuwa mkubwa!"

"Ndiyo hivyo," Ilpo akasema. "Ile haijui kupima ukubwa."

"Sogea karibu."

Ilpo akatia mkono mfukoni.

"Siyo kamera," Maarit akasema. "Wewe. Njoo wewe."