Bikoni ya Afande Mbaluka

Omolo alilihamisha lile jiwe kwa heshima zote. Mwaka 1988, akichimba choo nyuma ya ploti yake kule Kayole, alilikuta limekaa ukingoni kabisa mwa pale alipotaka shimo. Kwa kuwa lilikuwa bikoni, jiwe la mpaka, mali ya serikali, hakulitupa. Alilibeba hatua ishirini hadi karibu na mtaro, akalisimamisha kwa saruji nzuri na kulipaka chokaa. Waliokuja baadaye wakajenga kwa kulifuata. Ndinda, mjane mwenye binti mmoja, Kavata, ndiye aliyejenga mwisho.

Miaka minane baadaye, kampuni yenye shamba la jirani ikawashtaki. Ilidai nyumba tisa zimeingia kwenye ardhi yake. Mahakama ya Makadara ikataka aje mtu aliyeziweka bikoni zile mwaka 1979, athibitishe ni zenyewe. Mtu huyo alikuwa Mbaluka, babake Ndinda.

Watu walimwita Afande. Aliingia jeshi la Mwingereza angali kijana, akapigana Burma, akapanda cheo taratibu mpaka akawa mmoja wa Waafrika wachache waliofanywa maofisa. Uhuru ulipokaribia aliacha bunduki. Kwa kuwa aliijua ramani vizuri, serikali mpya ilimpa kazi ya kupima ardhi, akaifanya mpaka alipostaafu.

Jumapili kabla ya kesi, Ndinda alimwita nyumbani kwake kunywa chai baada ya ibada. Omolo na mkewe Roseline wakaja pia.

"Afande, hatuombi makubwa," Omolo alisema. "Hakimu akiuliza kama jiwe ni lako, wewe sema ndiyo. Neno moja tu."

"Haliko nilipoliweka."

"Lakini ni lako! Mimi nimelitembeza kidogo tu."

"Tena akalipaka chokaa," Roseline akadakia. "Mimi mwenyewe hajanipamba hivyo tangu anioe."

Walicheka wote isipokuwa mzee. Akawaeleza kwamba chini ya kila bikoni alifukia chupa ya soda, kichwa chini, na akaandika hivyo kwenye faili. Jiwe likisogezwa, chupa inabaki.

"Nani atachimba, baba, kama wewe umeapa?" Ndinda akauliza.

Mzee alisubiri wageni waondoke. Ndipo alipomweleza bintiye jambo ambalo hata marehemu mkewe hakuwahi kuambiwa. Wakati wa Hali ya Hatari, Mwingereza alipokuwa akipigana na wapigania uhuru wa msituni, alitumwa kuweka vigingi vya handaki kuzunguka kijiji. Mkubwa wake mzungu alimwamuru asogeze kigingi kimoja ili kuepuka mwamba. Akasogeza. Nyumba ya mama mmoja ikabaki nje ya handaki. Wiki hiyohiyo doria ilimkuta mama yule mlangoni pake, ikampiga risasi kwa kuwa aliyekuwa nje alihesabiwa adui.

"Nikaapa sitasogeza tena," alisema.

"Na mimi? Na Kavata?"

Mzee alichukua kofia yake akaenda kupanda gari.

Alhamisi hakimu alikuja Kayole na mawakili wa pande zote. Wapangaji na wenye nyumba walisimama kando ya mtaro. Mbaluka alikuja amevaa koti lake la kazini, akainama akalishika lile jiwe jeupe. Ndinda alimwona akiipapasa ile chokaa, akaamini amekubali.

"Jiwe ni langu," alisema. Omolo akashusha pumzi. "Ila mahali si pangu."

Akageuka, akahesabu hatua kuelekea kwenye nyumba, akasimama nyuma ya choo cha Omolo. Wafanyakazi wawili walichimba. Kwenye kina cha goti jembe liligonga kioo.

Tingatinga lilikuja baada ya wiki sita. Nyumba ya Ndinda ilikuwa ya tatu kuangushwa. Vijana walioketi juu ya magodoro yao barabarani walipomwona mzee akija kubeba mabati ya bintiye, mmoja akapaza sauti, "Buda ametuuza!" Roseline alimpisha njia, akamfunika mtoto wake vumbi lisimwingie machoni.

Ndinda hakuwa na pa kwenda ila kwa babake Makadara, kwenye chumba kimoja. Jioni hiyo alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akampakulia yeye kwanza kama ilivyo desturi, akamwekea sahani mbele yake.

"Ndinda," mzee alisema bila kugusa chakula, "ulitaka kweli niape uongo?"

"Ndiyo, baba."

Alitikisa kichwa kana kwamba amepokea amri, akaanza kula polepole.

Mzee aliishi miezi minne zaidi. Ndinda alimfulia, alimkata kucha, alimshika mkono akienda msalani. Hawakulizungumza tena jambo lile, na ile ndiyo yake Ndinda hakuifuta kamwe.