Mchango wa Petroli

Wakiuru alipanda ngazi za ofisi ya bima mjini Nyeri kwa makalio, kidato kimoja kimoja, kinyumenyume, jirani yake Wamae akimfuata, akiwa amembebea magongo kwapani. Ofisi ilikuwa orofa ya tatu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vyuma tangu ajali ya Aprili, na daktari alikwisha sema: asipofanyiwa upasuaji wa pili katika wiki mbili, utakatwa. Hospitali nayo ilisema hakuna pesa, hakuna kisu. Tumaini lilibaki kwa bima ya pikapu ya Wamae.

Siku ya kuchukua bima hiyo, ajenti aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilifunika gari, dereva na abiria. Nyingine ilikuwa ya gari la mizigo, bei yake nusu.

"Na nikibeba majirani kwenda mazishi?" Wamae aliuliza.

"Mzee, hao ni abiria ama ni watu wako?"

"Ni watu wangu."

"Basi chukua hii ndogo. Ati mkulima alipe bima ya matatu?"

Akachukua ndogo. Nani angechukua kubwa, jamani, na mbegu za viazi hazijanunuliwa? Kisha mzee Kahiga wa kijijini kwao akafa, mwili ukiwa mochari huko Kerugoya. Mwenye gari kijijini hasemi hapana kwenye msiba. Akisema, siku yake ikifika atajizika mwenyewe. Wanawake kumi na mmoja, Wakiuru akiwemo, walikaa nyuma kuzunguka jeneza, wakaimba. Njia fupi ilikuwa tope tupu, wakapitia Sagana, na kwenye mteremko breki zikakataa kushika. Pikapu ikaingia mtoni. Wanne walikufa. Tangu hapo Wamae huusikia wimbo ule kisogoni, mchana kweupe, shambani, kanisani, ukikatika palepale ulipokatika. Hata ngazini aliusikia. Hakugeuka.

Ofisa wa madai, Mutahi, alikuwa kijana mpole wa tai. Alimvutia Wakiuru kiti.

"Mama, niambie tu ukweli. Huyu mzee aliwalipisha?"

"Kutulipisha? Wamae? Shindwe!" Wakiuru alijivuta mbele kumtetea jirani yake. "Yeye si mtu wa hivyo. Tulimchangia tu petroli, kama kawaida yetu. Alikuwa anakataa, tukamtilia kwa mfuko kwa nguvu!"

Wamae alifumba macho.

Mutahi aliandika. "Kwa hivyo mlilipa."

"Tulichanga."

"Mlilipa, mama. Angewabeba bure, ningewaombea kwa wakubwa. Lakini gari ya mizigo ikibeba watu kwa malipo, sisi hatumo."

"Kwetu ukikataa mchango wa msiba umekataa watu," Wamae akasema.

"Sheria haijui kwenu, mzee."

"Ajenti wenu ndiye aliniambia nichukue hii ndogo!"

"Sahihi ni ya nani?"

Hasira ilimkaba Wamae mpaka akakosa pa kuiweka mikono yake. Mwenye nguvu mpishe, husema wazee. Lakini umpishe uende wapi?

"Na mguu yangu?" Wakiuru aliuliza.

Mutahi aliinama kwake, kana kwamba Wamae hakuwemo chumbani. "Mshtaki huyu. Si ako na shamba? Kuna wakili hapo chini, tunafanya naye kazi. Akiona kuna shamba, ataandikia hospitali barua ya kuahidi malipo leo, waanze kukutibu." Akatoa fomu kwenye droo. Zilikuwamo rundo zima.

"Nimshtaki? Huyu alinitoa kwa maji na mikono yake!"

Wakiuru aliutazama mguu. Bandeji ilikuwa imeanza kunuka, na wote watatu walijua.

"Mimi sijui kusoma," alisema hatimaye, akaanza kulia.

Mutahi alikuwa amekwisha mwita mtu mwingine. Basi Wamae aliichukua fomu, akamsomea kwa Kikuyu, mstari kwa mstari, pale kwenye benchi la koridoni. Penye mdaiwa aliandika jina lake. Penye mali aliandika nambari ya shamba, ekari mbili na nusu, anapolala mkewe na watoto wanne. Aliijua kwa moyo. Kisha akakishika kidole gumba cha Wakiuru, akakichovya kwenye wino.

"Kaza kidogo," alimwambia. "Alama isipotokea vizuri, wataikataa."